Kumpenda Mtu na Kumtunga Mtu

Ni wachache waliopata kupenda ambao hawakutamani hata siku moja kwamba wale wawapendao wangebadilika japo kidogo. Mmoja hutamani mwenziwe apunguze hasira; wa pili hutamani mwenziwe azidishe maneno matamu; wa tatu hutamani mwenziwe asiwe na marafiki wengi. Tamaa hii ni ya kawaida, wala si dhambi. Lakini ndani yake mna swali zito, ambalo vijana hukutana nalo mapema kuliko wanavyodhani. Lau ungepewa uwezo wa kumgeuza umpendaye awe vile utakavyo, kwa neno moja tu na bila ya yeye kujua, je, ungeutumia? Na kama ungeutumia, huyo ambaye angebaki mbele yako angekuwa bado ni yule uliyempenda?

Swali hili limewekwa wazi na filamu moja ya Marekani iitwayo Ruby Sparks, iliyotolewa mwaka 2012. Aliyeiandika ni Zoe Kazan, ambaye ndiye pia aliyecheza nafasi ya msichana mwenye jina hilo. Walioiongoza ni Jonathan Dayton na Valerie Faris, mume na mkewe. Filamu hii ni ya jamii ya michezo ya mapenzi yenye kuchekesha. Kwa desturi, michezo ya namna hii huanza kwa wawili kukutana, hupitia katika magomvi, kisha huishia katika mapatano. Mtazamaji hucheka, akafuta machozi mawili matatu, akaenda zake. Mchezo huu nao huchekesha sana. Lakini ukaribiapo mwisho, kicheko humkauka mtazamaji kinywani, na mahali pake huja hofu. Sababu ya mageuzi hayo ndiyo inayostahili kufikiriwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Palikuwa na kijana mtunzi mjini Los Angeles, jina lake Calvin Weir-Fields. Alipokuwa na umri wa miaka 19 alitoa riwaya iliyompatia sifa kubwa, watu wakamwita bingwa. Miaka kumi ikapita, naye hana riwaya nyingine ya kuifuata ile ya kwanza. Alikuwa mpweke, na mwenzake nyumbani alikuwa mbwa mmoja mwoga aitwaye Scotty. Daktari aliyekuwa akimtibu nafsi yake alimpa kazi ndogo: aandike ukurasa mmoja tu juu ya mtu ambaye angempenda mbwa huyo pamoja na kasoro zake. Izingatie kazi hiyo, msomaji, kwani mafunzo yote ya kisa hiki yamo ndani yake.

Calvin alikuwa amemwota msichana. Akaketi mbele ya mashine yake ya taipu, akaanza kumwandika msichana huyo: akampa jina la Ruby Sparks, akamfanya mchoraji wa picha, na nyumbani kwao akapataja kuwa ni Dayton katika jimbo la Ohio. Nduguye Harry, aliyekuwa mtu mwenye mke na uzoefu wa ndoa, alipozisoma kurasa hizo alimwonya kwamba huyo aliyemwandika si mtu kamili. Wanawake ambao hata matatizo yao hupendeza tu hawapatikani duniani. Calvin hakusikia. Baada ya muda mfupi, alfajiri moja, akamkuta Ruby mwenyewe jikoni kwake, yu hai, akidai kuwa ni mpenzi wake wa siku nyingi. Kwanza Calvin alidhani ameingiwa na wazimu. Lakini watu wengine wakamwona Ruby na kusema naye. Ndipo Harry alipotaka kufanya jaribio. Calvin akaandika kwamba Ruby anakijua Kifaransa barabara; mara Ruby akaanza kusema Kifaransa, wala hakutambua kwamba kuna neno lolote lililobadilika.

Hapo Calvin alitenda jambo la heshima. Aliziweka zile kurasa katika droo, akaifunga kwa ufunguo, akaapa kwamba hataandika tena neno lolote juu ya Ruby. Kama angekitimiza kiapo chake, tusingekuwa na hadithi wala funzo. Lakini siku zilipopita, Ruby akawa na mambo yake. Alitaka kujifunza uchoraji, akatafuta rafiki wengine, akaomba kulala usiku mmoja katika juma kwenye makao yake mwenyewe. Hapana ubaya katika mambo hayo. Ni mambo ambayo mtu yeyote mwenye uhai huyataka. Lakini Calvin aliingiwa na hofu ya kuachwa. Akaifungua ile droo.

Aliandika kwamba Ruby huona dhiki kubwa awapo mbali naye. Ruby akarudi mbio, lakini akawa haachi kumshika mkono. Akiachwa kwa dakika moja alilia kama mtoto mchanga. Calvin akachoka. Akaandika tena, kwamba Ruby ajae furaha isiyokoma. Ruby akawa akicheka asubuhi, akicheka adhuhuri, akicheka usiku, na Calvin akatambua kwamba furaha ile haikutokana na jambo lolote wala haikumwelekea yeye. Akaandika mara ya tatu kwamba Ruby awe vile alivyo, afurahi au ahuzunike kadiri ajisikiavyo. Naye Ruby, aliyekwisha kuvutwa huku na huku, akawa hajui tena yeye ni nani. Hatimaye, baada ya sherehe moja iliyoharibika, waligombana vikali, na Ruby akataka kuondoka. Calvin akamwambia kwamba hawezi kuondoka, kisha akamwonyesha sababu. Alikaa mbele ya mashine yake akaandika, na Ruby akatenda kila neno lililoandikwa: akasema Kifaransa, akatambaa chini kama mnyama, akapiga kelele tena na tena kwamba Calvin ni bingwa, mpaka nguvu zikamwishia akaanguka sakafuni.

Hapo ndipo kicheko kinapokauka. Lakini angalia, msomaji: Calvin wa usiku ule ni yule yule wa siku ya Kifaransa, ambaye sote tulimcheka. Uwezo alioutumia ni ule ule. Tofauti ni kwamba siku ya kwanza aliutumia kwa mzaha, siku ya pili kwa hofu, na siku ya mwisho kwa hasira. Mlango uliofunguliwa kwa mzaha haukuweza kufungwa ilipokuja hasira.

Sasa na tuyapime mambo haya kwa akili. Mtetezi wa Calvin aweza kusema kwanza: "Ruby ni kazi ya mikono yake. Mfinyanzi ana haki juu ya chungu chake. Akitaka atakitumia, akitaka atakivunja." Neno hili lina asili ya kale. Mshairi wa Roma aitwaye Ovid, aliyeishi hadi mwanzoni mwa karne ya kwanza, alisimulia habari za Pygmalion, mchongaji wa kisiwa cha Kipro. Mtu huyo aliwachukia wanawake wa nchi yake, akajichongea sanamu ya mwanamke katika pembe ya ndovu, akaipenda, akamwomba mungu wa mapenzi, na sanamu ikawa mwili na damu. Hadithi huishia katika ndoa na mtoto. Lakini katika masimulizi hayo mke huyo hapewi neno hata moja la kusema. Hatuambiwi kama alimpenda mumewe, wala kama aliulizwa. Kwa karne nyingi wasomaji waliiona hadithi hii kuwa ni ya furaha, maana waliitazama kwa macho ya mchongaji.

Mtunzi George Bernard Shaw aliichukua hadithi hiyo na kuigeuza katika tamthilia yake iitwayo Pygmalion, iliyochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1913. Humo profesa Higgins anamfundisha Eliza, msichana muuza maua wa mitaa ya London, kusema Kiingereza cha mabibi wakubwa. Eliza akafuzu, lakini alipoona kwamba kwa Higgins yeye ni kama ushindi wa mchezo wa kushindania, alisimama mbele yake akasema yaliyomo moyoni mwake, akamwacha. Shaw alishikilia kwamba Eliza hataolewa na mwalimu wake, ingawa watazamaji wengi walitaka iwe hivyo. Sanamu ilikuwa imepata ulimi.

Jibu la hoja ya mfinyanzi basi ni hili: chungu hakina nafsi, bali mtu anayo. Wazazi hutuleta duniani, hutulisha na kutuvika, wala hapana aliyetufanyia makubwa kuliko wao. Hata hivyo hatusemi kwamba baba ana haki ya kumtumia mwanawe kama jembe. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba utu wa mtu haufai kufanywa chombo tu cha kufikia haja za mwingine, kwa kuwa kila mtu ana thamani kwa nafsi yake. Tangu saa ile Ruby alipoweza kutaka na kukataa, hakuwa tena mali ya mtu, ajapokuwa alizaliwa katika karatasi.

Mtetezi atajibu: "Basi, lakini Calvin alimfanya awe na furaha. Nani aliyedhurika?" Hoja hii ni ya hatari zaidi, kwa sababu ina sura ya wema. Lakini furaha ya kweli huwa na sababu yake. Mwanafunzi hufurahi kwa kuwa amefaulu. Mama hufurahi kwa kuwa mtoto wake amepona. Mkulima hufurahi kwa kuwa mvua imenyesha. Mwondolee mtu sababu, umwachie kicheko tu, na utakuwa umempa homa, hukumpa furaha. Tena aliyedhurika hakuwa Ruby peke yake. Calvin mwenyewe alikosa kile alichokitafuta. Mtu aweza kumfundisha kasuku kusema "nakupenda". Kasuku atalisema neno hilo asubuhi na jioni, kwa sauti ya kupendeza. Lakini hapana mwenye kasuku aliyelala usiku akijiona amependwa kwa sababu ya neno lile. Neno halikuharibika, ila nyuma yake hapana mtu ambaye angaliweza kunyamaza. Mwanafalsafa wa Ufaransa, Jean-Paul Sartre, alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1943: anayetaka kupendwa hataki kumiliki mtambo, hutaka kupendwa na mtu aliye huru, na akiisha kuuondoa uhuru ule, hujikuta yu peke yake. Ndiyo hali ya Calvin. Kadiri alivyomshika Ruby kwa nguvu, ndivyo alivyobaki mpweke zaidi, mpaka usiku ule ambapo sauti iliyomwita bingwa ilikuwa ni sauti yake mwenyewe ikitoka katika kinywa cha mwingine.

Limebaki swali la tatu, nalo ndilo gumu. Je, si kweli kwamba wapendanao hubadilishana? Mke huweza kumvuta mumewe kutoka katika ulevi. Rafiki humfanya rafikiye apende kusoma. Mwalimu huwatengeneza wanafunzi wake kila siku. Je, wote hawa ni akina Calvin? La, sivyo. Tofauti kati ya kumshauri mtu na kumtunga mtu yaweza kujulikana kwa alama tatu. Ya kwanza, mshauri hufanya kazi yake waziwazi, na mtungaji hufanya kwa siri. Calvin alilifungia karatasi zake ndani ya droo. Ya pili, ushauri hupita katika akili ya mwenye kushauriwa, naye aweza kuukubali au kuukataa. Utungaji huizunguka akili yake kama mwizi azungukavyo mlango wa mbele. Ya tatu, ushauri hutafuta heri ya yule anayeshauriwa; utungaji hutafuta kumwondolea mtungaji hofu yake. Eliza alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Higgins kuomba masomo, akaahidi kulipa. Kwa hiyo kosa la Higgins halikuwa katika kumfundisha, lilikuwa katika kumsahau mtu aliyemfundisha. Ruby hakuomba kitu, wala hakuambiwa.

Kijana aweza kusema kwamba haya ni mambo ya sinema, kwa kuwa hapana mashine ya taipu duniani yenye uwezo kama ule. Asijidanganye. Kila mmoja wetu anayo mashine yake ndogo. Yuko mvulana amwambiaye msichana, "Ukiwa wanipenda kweli, utaacha kusema na fulani." Yuko anayedai kusoma kila ujumbe katika simu ya mwenziwe, na kujua saa kwa saa mwenziwe yuko wapi, akiita ulinzi huo mapenzi. Yuko msichana anayenuna siku tatu makusudi ili mvulana aache mpira na rafiki zake. Yuko anayetoa zawadi leo ili kesho azikumbushe kama deni. Yuko anayetisha kwamba akiachwa atajidhuru, na kwa tisho hilo humfunga mwenziwe kuliko kamba. Wote hawa huandika katika ukurasa ule ule wa Calvin: kwamba fulani aone dhiki awapo mbali nami. Na maneno yakishindwa, wengine huinua mkono. Hatua iliyopo kati ya kufungua droo na kumwona mtu sakafuni ni fupi kuliko tudhanivyo; wengi waliofika huko walianza kwa neno dogo ambalo wakati ule halikuonekana kuwa na ubaya.

Chanzo cha maradhi haya ni nini? Katika ile sherehe, kabla ya ugomvi, Calvin alikutana na Lila, mwanamke aliyewahi kuishi naye zamani. Lila alimshtaki kwamba hakupata kumjua; alikuwa na picha yake moyoni, na kila jambo la Lila lisilolingana na picha hiyo alilipuuza. Kumbe basi Calvin alianza kutunga watu kabla ya Ruby kutokea. Mashine ya taipu haikumpa tabia mpya, ilimpa nguvu tu. Mtu asiyetaka kumjua mwenziwe, lazima atamtunga. Maana moyo haukai mtupu, na pasipokuwa na maarifa pataingia picha. Kwa sababu hiyo dawa ya kwanza ni kuuliza na kusikiliza. Anayeuliza, "Kwa nini wapenda uchoraji?" amekwisha kukubali kwamba mbele yake yuko mtu ambaye majibu yake hayajaandikwa.

Wazee wetu walisema: ukipenda boga, penda na ua lake. Ndiyo ile kazi ya daktari kwa maneno mengine: aandike juu ya mtu ambaye angempenda mbwa pamoja na kasoro zake. Calvin aliandika ukurasa huo, akampa Ruby moyo wa kumpokea Scotty jinsi alivyo, lakini yeye mwenyewe hakumpokea Ruby vivyo hivyo. Hata hivyo methali hii isieleweke vibaya. Kupenda boga na ua lake si kula sumu kwa kuwa imepikwa na umpendaye. Kama mwenzio ni mkatili, au mwongo, au mlevi asiyesikia shauri, hukulazimishwa kubaki. Uhuru wa kuondoka ni wenu nyote wawili. Unaweza kumwambia mtu, "Tabia hii siiwezi," ukaenda zako kwa amani. Usichoweza kufanya kwa haki ni kumzuia asiondoke, au kumbakiza kwa kumvunja.

Baada ya usiku ule Calvin alitubu. Aliandika ukurasa mmoja wa mwisho, wa kumwacha Ruby huru, akauacha mlangoni pake ausome. Asubuhi Ruby hakuwapo. Calvin akaandika kitabu kipya juu ya mambo yaliyowapata, na kitabu hicho kikasifiwa. Mwishoni, akiwa bustanini pamoja na mbwa wake, anakutana na msichana wa sura ile ile, asiyekumbuka lolote, nao wanaanza kuzungumza. Wako watakaosema kwamba malipo hayo ni makubwa mno kwa mtu aliyetenda ubaya kama ule, na hoja yao ina nguvu: aliyeumizwa amesahau, na aliyeumiza amepewa siku mpya. Mimi naona kwamba cheo cha kisa hiki hakimo katika bustani, kimo katika ule ukurasa wa mwisho. Calvin alipouandika hakujua kwamba atapata kumwona Ruby tena. Alikuwa angali na uwezo wote. Neno moja lingalimrudisha Ruby akiwa mpole na mwenye kucheka. Akaandika neno la kujinyima. Katika kurasa zote alizoandika juu yake, huo peke yake ndio uliokuwa wa mapenzi.

Kwa hiyo, wewe kijana usomaye, utakapompenda mtu, jipime kwa kipimo hiki. Usijiulize tu jinsi moyo wako unavyokwenda mbio umwonapo, kwani moyo wa Calvin nao ulikwenda mbio. Jiulize: huyu akisema "sitaki", je, neno lake lina nguvu mbele yangu? Akiwa na rafiki, kazi, na mawazo ambayo mimi simo, je, naweza kulala usingizi? Ukiweza kujibu ndiyo, umeanza kupenda. Ukishindwa, usimguse yeye. Geuka uitengeneze nafsi yako, kwa kuwa hiyo ndiyo hadithi pekee uliyopewa haki ya kuiandika.